Walioachwa langoni: uchambuzi wa kisa cha ETO, Kicukiro, Aprili 1994

Mchana wa Jumatatu tarehe 11 Aprili 1994, wanajeshi wa Kibelgiji wapatao 90 walipanda magari yao wakatoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, upande wa kusini-mashariki wa Kigali. Nyuma yao, ndani ya uzio wa shule, walibaki Wanyarwanda wapatao 2,000. Barabarani walikuwepo wanamgambo wa Interahamwe na askari wa serikali, ambao kwa siku kadhaa walikuwa wakisubiri lango hilo lisiwe na mlinzi. Jua lilipokuchwa, wengi wa wale 2,000 walikuwa wameshauawa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha aibu, na aibu ipo. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini raia hufa wakiwa hatua chache tu kutoka kwa watu wenye jukumu la kuwalinda, akiishia kwenye aibu atakuwa ameacha sehemu kubwa ya somo. Ninavyokiona mimi, watu wa ETO walifikishwa mikononi mwa wauaji na uhamishaji uliofanikiwa: uhamishaji wa watu wengine. Malori yalikuwepo, ndege zilikuwepo, askari walikuwepo, na amri zilitekelezwa kama zilivyotolewa. Swali la nani apande lilikuwa limeshajibiwa kabla lori halijafika shuleni.

Kwa nini walikimbilia pale

ETO, kwa kirefu École Technique Officielle, ilikuwa shule ya mapadre Wasalesiani wa Don Bosco. Wabelgiji walikuwa wameweka kambi hapo kama sehemu ya UNAMIR, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioundwa kwa azimio namba 872 la Baraza la Usalama, tarehe 5 Oktoba 1993, ili kusimamia Mkataba wa Amani wa Arusha uliotiwa saini Agosti mwaka huohuo. Wakazi wa Kicukiro walikuwa wameshazoea kuziona kofia za bluu, magari meupe na bendera ya Umoja wa Mataifa.

Usiku wa tarehe 6 Aprili, ndege iliyokuwa ikimrudisha Rais Juvénal Habyarimana kutoka mkutano wa Dar es Salaam ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi naye alikuwemo. Kulipopambazuka, vizuizi vilikuwa vimeshawekwa barabarani, na wauaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na majina mkononi. Waliolengwa walikuwa Watutsi wote, na pamoja nao Wahutu wa vyama vya upinzani. Kitambulisho cha kila mtu kiliandikwa kabila lake, kwa hiyo kizuizini hapakuhitajika uchunguzi mrefu.

Watu wa Kicukiro na mitaa ya jirani wakafanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya: wakaenda walipo wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Walikuja na watoto mgongoni, na wazee wakishikwa mkono. Miongoni mwao alikuwemo Boniface Ngulinzira, waziri wa zamani wa mambo ya nje, mtu aliyeongoza mazungumzo ya Arusha kwa upande wa serikali. Alikuwa chini ya ulinzi wa UNAMIR, akaishia ETO pamoja na familia yake. Mtu aliyejadiliana mkataba ule alikuwa sasa amejificha nyuma ya askari waliotumwa kuusimamia.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu wachambuzi wengi hulipita jambo hili haraka. Kabla ya tarehe 7 Aprili watu hao 2,000 walikuwa wametawanyika katika mamia ya nyumba. Wengine wangekamatwa na kuuawa hukohuko, hilo halina shaka. Wengine wangejificha darini, kwenye mabwawa au kwa majirani, na baadhi wangepona. Walipofika ETO walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, panapojulikana, pakiwa na uzio wa kuwazuia wasitoke ikiwa mtu mwingine atalishika lango. Hatari ya wengi iligeuzwa kuwa shabaha moja. Kuwepo kwa wanajeshi pale hakukuwa jambo la upande wowote. Kulibadilisha hesabu ya uhai na kifo kwa kila aliyeingia. Ndiyo maana mlinzi aliyekubali watu waingie anadaiwa kitu ambacho mpita njia hadaiwi, yaani njia ya kuwatoa.

Hakuna aliyeketi siku ya kwanza kuuliza njia hiyo ni ipi. Chakula na maji vilikuwa vichache, nafasi ilikuwa finyu, na kila siku watu waliongezeka. Afisa aliyekuwa akiongoza kikosi, Luc Lemaire, alikuwa na askari wasiofika mia na silaha nyepesi. Interahamwe walizunguka uzio, wengine wakinywa bia na kupiga kelele za "Pawa", wito wa Wahutu wenye msimamo mkali, lakini hawakuingia. Siku nne walikaa nje na hawakuthubutu. Ukweli huo peke yake unajibu hoja kwamba kikosi kile kidogo hakikuwa na uwezo wa kuwalinda watu. Kwa muda wote kilipokuwepo, kiliwalinda.

Wabelgiji kumi na ujumbe wa Januari

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa. Wanajeshi kumi wa Kibelgiji waliotumwa kumlinda walinyang'anywa silaha, wakapelekwa katika kambi ya jeshi ya Kigali, na huko wakauawa. Kuanzia saa hiyo, swali lililotawala Brussels lilikuwa moja: tunawatoaje vijana wetu?

Ilikuwa hivyo hasa kama wapangaji wa mauaji walivyotaka. Tarehe 11 Januari 1994, miezi mitatu kamili kabla ya siku ya ETO, kamanda wa UNAMIR, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alipeleka makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, ujumbe uliokuja kujulikana sana baadaye. Mtoa habari kutoka ndani ya Interahamwe alikuwa amemweleza kwamba Watutsi wanaandikishwa ili wauawe, na kwamba Wabelgiji watachokozwa, wachache wao wauawe, na kwa njia hiyo Ubelgiji iondoke Rwanda. New York ilimkataza Dallaire kwenda kuzikamata silaha alizoambiwa zimefichwa.

Kwa hiyo mpango wa kuwafukuza walinzi ulijulikana mapema. Kilichokosekana ni mpango wa kukabiliana nao. Adui akikuambia atakachofanya ili uondoke, kisha akakifanya, na wewe ukaondoka, raia waliokuwa nyuma yako wamelipia somo ambalo ulipewa bure.

Kipimo kilikuwa pasipoti

Ufaransa ilianzisha operesheni iliyoitwa Amaryllis. Askari wake wa kwanza walitua Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali, alfajiri ya tarehe 9 Aprili. Wabelgiji walifuata na yao, Silver Back, na Waitaliano nao wakaleta kikosi kidogo. Wamarekani waliwaweka marine wapatao 300 Bujumbura, na raia wao wakatolewa kwa barabara hadi Burundi. Katika siku chache wageni karibu 4,000 walitolewa nchini.

Katika kazi ya kuwahamisha raia vitani, kawaida wanaotangulizwa ni watoto, wajawazito, wagonjwa, wazee na walemavu. Kifungu cha 17 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinazitaka pande zinazopigana zijitahidi kukubaliana ili watu wa namna hiyo waondolewe katika maeneo yaliyozingirwa. Baadaye uzoefu umeongeza kundi jingine, ambalo kwa Rwanda ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote: mtu mzima mwenye afya njema ambaye anawindwa kwa sababu ya alivyozaliwa. Mwanamume wa miaka 30, Mtutsi, hakuwa dhaifu kwa kipimo cha kawaida. Kizuizini alikuwa dhaifu kuliko mtoto mchanga wa mgeni.

Juma lile kipimo kilikuwa pasipoti. Matokeo yake ni kwamba msafara ulibeba wale ambao, ukiwatoa Wabelgiji waliokuwa wakitukanwa na redio RTLM, walikuwa katika hatari ndogo, na ukawaacha wale ambao hatari yao ilikuwa ya hakika. Hata ndani ya msafara mstari ulichorwa upya. Kuna ushahidi wa Watutsi waliopanda malori ya wageni wakashushwa vizuizini, huku askari wa nchi zilizokuwa zikihamisha watu wakitazama. Na ikiwa mtu atasema sheria ilikuwa "raia wetu tu", aeleze basi mjane wa Habyarimana alivyopanda ndege ya Ufaransa tarehe 9 Aprili, miongoni mwa wa kwanza kabisa. Nafasi ya Wanyarwanda ilikuwepo. Ilitegemea Mnyarwanda gani.

Amri zilizotoka New York nazo zilikuwa na mstari huohuo. Tarehe 9 Aprili Dallaire aliandikiwa kwamba asiache kutopendelea upande wala asivuke mipaka ya jukumu lake, ila anaweza kutumia busara yake kuivuka ikiwa ni lazima kwa ajili ya kuhamisha raia wa kigeni. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Umoja wa Mataifa ulikuwa ukisema kwamba jukumu linaweza kunyooshwa, na ukataja linanyooshwa kwa ajili ya nani.

Jambo linaloudhi zaidi ni kwamba ruhusa ya kuwalinda Wanyarwanda ilikuwa imeshaandikwa. Kanuni za matumizi ya nguvu ambazo Dallaire alizituma New York Novemba 1993 zilikuwa na aya ya 17, iliyosema kwamba yakitokea makosa ya jinai dhidi ya ubinadamu, UNAMIR itachukua hatua zinazohitajika kuyazuia. Makao makuu hayakuwahi kuijibu rasmi rasimu ile. Hivyo kamanda alikuwa na aya isiyokataliwa na isiyothibitishwa, na kila mtu chini yake aliisoma kwa jinsi hofu yake ilivyomtuma.

Saa za mwisho shuleni

Wafaransa walikuja ETO kuwachukua wageni waliokuwa pale, mapadre wakiwemo. Wageni walipokwisha kutoka, kikosi cha Kibelgiji, kwa macho ya makamanda wake wa kitaifa, hakikuwa tena na sababu ya kukaa Kicukiro. Kilitakiwa uwanja wa ndege. Kwenye karatasi wanajeshi wale walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Katika saa zile walikuwa wakisikiliza pia amri kutoka nyumbani, na sauti ya nyumbani ndiyo iliyoshinda. Ieleweke pia kwamba tangazo rasmi la Ubelgiji kujitoa UNAMIR lilikuwa bado. Waziri wa mambo ya nje, Willy Claes, alimweleza Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali uamuzi huo siku iliyofuata, tarehe 12. Watu wa ETO waliachwa kabla kujitoa hakujatangazwa.

Namna ya kuondoka ndiyo iliyoongeza ukatili. Tume huru ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, waziri mkuu wa zamani wa Sweden, ilitoa ripoti yake Desemba 1999 na ikasema wazi kwamba kitendo cha kuwafanya wakimbizi waamini wanajeshi hawaondoki, kumbe wanaondoka, kilikuwa cha fedheha. Watu walipong'amua, walikimbilia magari. Wengine walilala mbele ya magurudumu. Wanajeshi walifyatua risasi hewani ili wapate njia. Manusura wameshuhudia kwamba kuna waliowaomba wanajeshi wawapige risasi wao wenyewe kabla ya kuondoka, kwa kuwa kifo cha risasi ni afadhali kuliko cha panga. Ombi hilo lilikataliwa.

Wanaotetea usiri husema kwamba ukiwaambia watu mapema, utazua taharuki, na taharuki itaziba barabara. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo watu wote watasafiri na wewe unapanga nani atangulie. Haina uzito pale ambapo wanaofichwa hawasafiri kabisa. Mtu anayebaki akijua tangu usiku kwamba kesho hakuna ulinzi, ana usiku mmoja wa kuamua: kuruka uzio gizani, kuwagawa watoto wasikamatwe pamoja, kutupa kitambulisho, kujaribu njia ya mashambani. Nafasi hizo zote ni finyu, na wengi wangekufa. Lakini zilikuwa zao, nao wakanyang'anywa.

Barabara ya Nyanza

Magari yalipotoweka, Interahamwe na askari wakaingia. Baadhi ya watu waliuawa palepale. Wengine, kundi kubwa, walitoka kujaribu kufika uwanja wa michezo wa Amahoro, Remera, ambako UNAMIR ilikuwa bado na watu wake. Uamuzi wao ulikuwa sahihi, kwa maana kama wangesindikizwa, huko ndiko walikopaswa kupelekwa. Walizuiwa na wanajeshi karibu na kiwanda cha Sonatube, penye njia panda.

Kutoka pale wakageuzwa na kuswagwa hadi kilima cha Nyanza, palepale Kicukiro, ambacho kisichanganywe na mji wa Nyanza wa kusini. Wengine waliuawa njiani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilisikia jinsi Wahutu walivyotengwa na Watutsi kwa vitambulisho. Kisha yakaja mabomu ya mkono, risasi, na mapanga kwa waliobaki hai. Ngulinzira naye aliuawa siku ile. Askari wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali, walipofika waliwakuta manusura wachache katikati ya maiti.

Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, alitiwa hatiani na mahakama hiyo tarehe 6 Desemba 1999 kwa mauaji ya kimbari, na mashambulizi ya ETO na Nyanza yalikuwa sehemu ya kesi yake. Alifungwa maisha, akafia gerezani Benin mwaka 2010.

Je, kulikuwa na njia nyingine?

Hili ndilo swali la kisa kizima, na bahati mbaya kwa wanaotaka kujitetea, Kigali yenyewe ilitoa majibu katika wiki zilizofuata.

Tuanze na Amahoro. Uwanja ule, ulio kilomita chache kutoka ETO, uliwahifadhi watu wapatao 12,000. Haukuwa mahali salama: mizinga iliuangukia, watu walikufa, na maradhi yalienea. Lakini walinda amani hawakuuacha, na wengi waliokuwa ndani walipona. Baraza la Usalama kwa azimio 912 la tarehe 21 Aprili lilipunguza UNAMIR hadi askari 270. Dallaire na naibu wake, Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, walibaki na zaidi ya 400, wengi wao Waghana, wakiwa na vifaa duni kuliko vya Wabelgiji. Katika hesabu ya kijeshi Wabelgiji ndio waliokuwa kikosi bora cha UNAMIR. Katika hesabu ya raia waliopona, Waghana waliobaki wana cha kujivunia zaidi.

Kisha kuna hoteli ya Mille Collines. Tarehe 3 Mei UNAMIR ilijaribu kuwatoa makumi ya watu kutoka hotelini kwa malori hadi uwanja wa ndege. Majina ya wasafiri yalisomwa na RTLM, msafara ukazuiwa, watu wakapigwa, wakarudishwa. Kwa kawaida tunafundishwa kwamba orodha ya wasafiri ni msingi wa uhamishaji mzuri: bila orodha huwezi kujua nani amepotea, mtoto gani ametengana na mama yake, nani anahitaji machela. Kigali inaonyesha upande wa pili. Orodha ikivuja, imekuwa orodha ya wauaji. Anayeandika majina lazima aamue kwanza nani ataiona karatasi ile, atatumia majina au namba, na itachanwa lini.

Jaribio lililofaulu lilikuja mwishoni mwa Mei, kuanzia tarehe 27, na lilitumia mantiki tofauti: kubadilishana. Watutsi waliokuwa wamenaswa upande wa serikali, Mille Collines wakiwemo, walipelekwa upande wa RPF, na Wahutu waliokuwa Amahoro waliotaka kwenda upande wa serikali walipelekwa huko. Kila upande ulikuwa na watu wake ndani ya malori ya upande mwingine, kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu ya kuacha malori yapite. Watu wa misaada hawapendi sana kusema hivi hadharani, lakini msafara wa raia mara nyingi hupita kwa sababu kuna mtu kizuizini ambaye atapoteza kitu usipopita. Huruma ni msaada mkubwa ukiipata. Huwezi kuitegemea kama mpango.

Njia ya tatu ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha, aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Uwilingiyimana siku ileile mama yao alipouawa, kisha kwa wiki kadhaa akawavusha watu wachache wachache garini mwake, akipita vizuizi kwa utani, sigara na uso wa kuzoeleka. Mamia wanasemekana kuokolewa naye. Tarehe 31 Mei kombora liliangukia karibu na gari lake kizuizini akafa. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake. Nishani ni heshima inayostahili, ingawa inasahaulisha kwamba alifanya mengi ya yale bila ruhusa ya mtu.

Na kulikuwa na Msalaba Mwekundu. Philippe Gaillard, mkuu wa ujumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, alibaki Kigali na wenzake, wakaendesha hospitali. Katikati ya Aprili majeruhi walishushwa kwenye gari la Msalaba Mwekundu wakauawa, baada ya RTLM kudai kwamba magari hayo yanabeba maadui. Kamati, ambayo kwa desturi hunyamaza ili iendelee kufanya kazi, safari hii ilisimamisha usafirishaji na kulitangaza jambo hilo duniani. Serikali ya muda iliona aibu. Redio ileile ikaagizwa kuwaambia wanamgambo wayaache magari yapite. Yakaanza tena kutembea.

Ukiyaweka haya pamoja, ETO ilikuwa na angalau njia mbili tarehe 11 Aprili. Ya kwanza ni kubaki, siku mbili tatu tu: RPF walikuwa wakiingia mjini, na ndio waliowakuta manusura wa Nyanza. Ya pili ni kuusindikiza msafara hadi Amahoro, kwa miguu ikibidi, kabla Wafaransa hawajaondoka Kicukiro na wakati Kigali ilikuwa na askari wa kigeni karibu 1,000 waliokuja kuhamisha watu, mbali na UNAMIR yenyewe. Zote zilikuwa na hatari ya kweli kwa wanajeshi. Huenda wengine wangekufa. Sioni jinsi uchambuzi wa haki unavyoweza kuificha gharama hiyo, lakini pia sioni jinsi unavyoweza kusema kwamba hapakuwa na njia.

Nani anawajibika

Manusura na ndugu wa waliouawa, mjane wa Ngulinzira akiwemo, waliishtaki serikali ya Ubelgiji na maafisa watatu: Luc Marchal aliyeongoza sekta ya Kigali, Joseph Dewez aliyeongoza batalioni, na Lemaire. Desemba 2010 mahakama ya Brussels iliona kwamba uamuzi wa kuondoka ETO ulikuwa wa Ubelgiji wenyewe na si wa UNAMIR, kwa hiyo Ubelgiji inaweza kuwajibishwa kwao. Mwaka 2018 mahakama ya rufani iligeuza: wanajeshi walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na Ubelgiji haiwajibiki. Umoja wa Mataifa nao una kinga, haushtakiwi. Mtu wa Kicukiro akiuliza ni nani basi aliyeamua, anaelekezwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Uholanzi ilikwenda njia tofauti kidogo. Kuhusu Srebrenica, ambako Julai 1995 kikosi cha Kiholanzi kilishindwa kuwalinda Wabosnia waliokimbilia kambini Potočari, Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua mwaka 2013 kwamba serikali inawajibika kwa wanaume watatu waliotolewa kambini, na mwaka 2019 ikaiona inawajibika kwa sehemu ndogo, asilimia 10 ya hasara, kwa wanaume wapatao 350. Asilimia hiyo ilikuwa makadirio ya mahakama ya nafasi yao ya kupona kama wangeachwa wabaki ndani. Ni hesabu inayosumbua roho, lakini angalau inakiri jambo ambalo rufani ya Brussels haikulifikia: aliyekuwa ndani ya lango alikuwa na nafasi, na aliyemtoa au kumwacha aliipunguza.

Lango baada ya ETO

Mwaka 1999 Baraza la Usalama lilianza kuandika ulinzi wa raia ndani ya majukumu ya walinda amani, kwanza katika azimio 1270 kuhusu Sierra Leone. Tangu hapo karibu kila ujumbe mkubwa umepewa maneno hayo, wa Kongo na wa Sudan Kusini ukiwemo.

Juba, Desemba 2013, ndipo maneno yalipojaribiwa. Vita vilipoanza, maelfu walikimbilia kambi za UNMISS, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Sudan Kusini, na mara hii malango yakafunguliwa. Idadi ya waliohifadhiwa iliongezeka kote nchini mpaka ikapita 200,000. Hakuna ubishi kwamba watu wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Lakini kambi za aina ile zilikuwa zimekusudiwa kukaa siku chache, zikakaa miaka. Aprili 2014 watu wenye silaha waliivamia kambi ya Bor na kuua makumi. Februari 2016 kambi ya Malakal ilishambuliwa, sehemu kubwa ikateketea, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuta kwamba baadhi ya walinda amani waliacha nafasi zao na wengine walisita kutumia nguvu. Aya ya 17 ya Dallaire ilikuwa sasa imethibitishwa rasmi, kwa lugha kali zaidi, na bado mwanajeshi langoni alikuwa akisubiri ithibitishwe tena.

Swali la njia ya kutoka nalo lilifika Sudan Kusini likiwa halijajibiwa. Kuanzia 2020 UNMISS ilianza kuzikabidhi kambi zile kwa serikali, moja baada ya nyingine: Bor, Wau, Juba, Bentiu. Zikawa kambi za kawaida za wakimbizi wa ndani, ulinzi wake ukiwa mikononi mwa serikali ambayo baadhi yao waliikimbia. Safari hii watu waliambiwa mapema, mikutano ilifanyika, na walinda amani hawakuondoka nchini. Kufikia 2021 ilikuwa imebaki Malakal peke yake, kwa kuwa hapo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika waliomo wangekwenda wapi.